Geuza ukurasa mkono ukipata nafasi, si ukurasa ukiisha

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi napiga kinanda katika kwaya ya kanisa hapa Malindi. Nililelewa kwa solfa, ile ya do, re, mi inayoandikwa kwa herufi. Nota za mistari nimejifunza ukubwani. Krismasi hii tunaimba Aleluya ya mtunzi Handel, na nakala yangu ni kijitabu cha kurasa kumi na mbili. Vipande vyake navimudu, lakini kila nikifika mwisho wa ukurasa mikono inavurugana, karatasi mbili zinageuka pamoja, na nikirudi kwenye vitufe kwaya imeshaniacha. Ukurasa wa saba kwenda wa nane ndio umenishinda kabisa, pale sauti ya kwanza inapopanda na “Mfalme wa wafalme”. Kwenye mazoezi ya juzi nilinyamaza baa nne nzima. Nimeweka akiba kidogo. Je, ninunue tableti na kile kikanyagio cha kugeuzia kurasa, au kuna njia nyingine?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Akiba yako iache ilipo kwanza. Tableti nitaifikia na wala sina ugomvi nayo, ila shida uliyonieleza haikuletwa na karatasi. Anayepotea kwenye karatasi atapotea kwenye kioo pia.

Shida ni kwamba unangoja ukurasa uishe ndipo ugeuze. Ndivyo tulivyozoea kusoma gazeti na hadithi: macho yakifika chini, mkono unageuza. Lakini msomaji wa gazeti mikono yake haina kazi nyingine. Wewe vidole vyote kumi viko shambani, na aliyepanga kurasa zile mara nyingi hakukuwazia. Alishusha mistari mpaka karatasi ikajaa, akahamia ya pili. Kwa hiyo mwisho wa ukurasa hauna maana yoyote katika muziki. Ni pale tu karatasi ilipokwisha. Wewe geuza pale mkono unapopata nafasi, hata ikiwa ni baa mbili kabla ya ukurasa kwisha au baa tatu baada ya mpya kuanza. Hizo baa mbili tatu utazipiga kwa kichwa. (Nasema baa kama tunavyosema kwaya zote, kile kipande kati ya mistari miwili ya wima. Si baa ya kunywea, na si lile baa linaloshuka kwa watu, ingawa juzi kwako lilishuka kweli.)

Wapo wanaopangiwa vizuri. Karatasi za wapiga fidla wa okestra, zikiwa zimechapwa na watu wanaojua kazi, hupangwa ili chini ya ukurasa pawe na kimya cha kutosha kugeuza. Ukiiona karatasi ya fidla imeachwa nusu tupu usidhani mtu amechezea karatasi. Na mahali ambapo nafasi haikupatikana huandikwa V.S., kifupi cha maneno ya Kiitaliano volti subito, yaani geuza upesi; Malindi hii hukosi Mwitaliano wa kukutamkia. Tena fidla hukaa wawili wawili kwenye stendi moja. Wa upande wa ndani ndiye anayegeuza, mwenzake wa upande wa watu anaendelea kupiga, na ukumbini hakuna anayesikia pengo. Hilo la mwisho liweke akilini, maana wewe mpiga kinanda wa kwaya unao wenzako arubaini wa kukuzibia pengo. Hujawahi kuwatumia tu.

Sasa chukua penseli. Kalamu ya wino iache: kwa jasho letu la pwani, wino unatambaa na kufikia mwezi wa pili hutajua kama ile ni alama ya kupanda au ni kidole chako. Keti bila kinanda. Kwanza hesabu unageuza mara ngapi hasa. Kama ukurasa wa kwanza uko kulia, basi wa pili na wa tatu vinatazamana, wa nne na wa tano vivyo hivyo, na katika kurasa kumi na mbili unageuza mara sita tu: kutoka wa kwanza, wa tatu, wa tano, wa saba, wa tisa na wa kumi na moja. Kwingine kote ni macho yanayohama. Watu huogopa kurasa kumi na mbili kumbe kazi ni sita.

Katika kila mahali pa kugeuza, soma baa tano za kabla na tano za baada, ukitafuta mkono mmoja ulio na kimya, au ulioshika noti ndefu, au unaopiga kitu ambacho kwaya inakiimba vilevile. Ukiupata, chora mshale mkubwa juu ya pigo hilo na uandike K ikiwa ni mkono wa kulia, au S ikiwa ni wa kushoto. Hapo ndipo utageuzia, na pasibadilike. Wengi huniambia, “Mwalimu, mimi hugeuza kadiri hali inavyokuja.” Hali haiji. Inayokuja ni baa ya kwanza ya ukurasa mpya.

Ukiwa na hiari kati ya kugeuza mapema na kugeuza kwa kuchelewa, mimi nachagua mapema. Baa za mwisho za ukurasa wa zamani zimetokana na zile ulizotoka kuzipiga. Vidole viko njiani tayari, havihitaji kukumbushwa sana. Ukurasa mpya unaweza kukuletea ufunguo mpya, au sauti inayoingia ghafla, na ni vizuri macho yawe yameshafika. Mahali unapolazimika kuchelewa, fanya kama waandishi wa zamani. Vitabu vingi vya herufi za Kiarabu vilivyoandikwa kwa mkono vina neno dogo pembeni chini ya ukurasa, nje ya mistari: ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili msomaji asikate pumzi wakati anageuza. Wazee wa Lamu waliosomea vitabu hivyo watakuonyesha. Basi na wewe andika kwa penseli, chini kabisa ya ukurasa, baa ya kwanza ya ukurasa ujao, hata kama ni kwa solfa. Wewe solfa ndiyo lugha yako ya mama. D:m:s iliyoandikwa pembeni itakuingia upesi kuliko nota tatu za mistari. Kwa nini uionee haya?

Kisha kuna la kuacha. Hapa ndipo wanafunzi wangu hunikatalia, kwa kuwa wamefundishwa kwamba kuacha nota ni dhambi. Waumini walioketi pale hawatagundua kwamba sauti ya tatu imekosekana kwenye kinanda kwa baa moja, wakati wanaume sita wanaiimba. Watakachogundua ni mapigo kuyumba. Mapigo yakiyumba mwalimu wa kwaya anageuza kichwa, na akigeuza kichwa kwaya nzima inajua. Kwa hiyo acha nota ambayo mtu mwingine anaishika. Besi ikipigwa kwa nota mbili za jina moja, juu na chini, acha ya chini. Mkono wa kulia ukiiga sauti ya kwanza, waachie wenyewe. Usiache pigo la kwanza la kipande kipya, usiache besi pale wimbo unapotua, na usiguse chochote katika utangulizi. Handel amekupa baa tatu peke yako kabla ya kwaya kuingia, na hapo hakuna wa kukuficha.

Kwa mfano pale panapokusumbua. “Mfalme wa wafalme” ni sauti za juu zinashikilia nota ndefu, kisha zinapanda hatua kwa hatua, na wengine chini wanajibu “milele na milele”. Ile nota ndefu ya juu haikuhitaji. Wanawake wanaishika kwa nguvu zao zote, na wakipanda zaidi ndiyo kabisa, hutasikika hata ukitaka. Majibu ya chini yamo pia katika sauti za wanaume, ambazo mkono wako wa kushoto unazipiga. Basi mkono wa kulia uache juu wakishaanza “Mfalme”, shika kona ya juu ya karatasi, geuza, rudi. Una muda mwingi kuliko unavyodhani.

Na hapa nikuonye kuhusu mtego. Karibu na mwisho, kabla ya “Aleluya” ile ya mwisho ya polepole, wimbo mzima unanyamaza. Kila anayetafuta kimya cha kugeuzia anakiona kile na moyo unamfurahi. Usithubutu. Ni kimya ambacho kanisa zima limeshusha pumzi, na karatasi yako ikilia pale italia kama mabati. Kama karatasi inaishia hapo, geuza mapema wakati kwaya inapiga kelele, na baa zilizobaki zipige kwa kichwa. Wimbo wote una baa 94, nne za mwisho zikikushinda kuzihifadhi nitakukasirikia.

Baada ya kuweka alama, fanya mazoezi ya kugeuza kwenyewe. Ukipiga wimbo tangu mwanzo mpaka mwisho mara kumi, umepiga kila baa mara kumi, na kila ukurasa umeugeuza mara kumi pia, tena ukiwa na haraka na hofu. Badala yake anza baa nne kabla ya mshale, geuza, malizia baa nne baada yake, rudi. Mara kumi. Polepole, na kitabu chenyewe kikiwa mbele yako, kwa kuwa mkono nao una njia yake ya kujifunza: kutoka kitufe kipi, kwenda kona ipi, kurudi kitufe kipi. Ukurasa unaokushinda utakula nusu saa yako ya jioni mbili, basi.

Karatasi nazo zina tabia zao huku kwetu. Unyevu wa bahari huzilegeza na kuzigandisha, ndiyo maana zako zinageuka mbili mbili. Kabla ya misa zipitie moja moja uziachanishe, kisha kunja kona ya juu ya kila karatasi inayogeuzwa, moja kwa mbele na inayofuata kwa nyuma, ili vidole vikute mahali pa kushika. Usilambe kidole. Weka kitambaa kibichi kidogo pembeni ya kinanda kama wafanyavyo wahesabu pesa wa benki.

Njia ya kutogeuza kabisa ipo pia, na kwa nyimbo fupi naipenda kuliko zote. Toa kopi za upande mmoja, uziunge ubavu kwa ubavu. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, kwa hiyo tatu ni 63 na nne ni 84. Kile kistendi cha plastiki kinachokuja na kinanda hakiziwezi. Zitajikunja na kukuangukia usoni. Mwombe seremala akukatie ubao mwembamba wa plaiwudi, sentimita 90 kwa 33, uegemeze hapo. Unapounganisha weka karatasi kifudifudi na ubandike kwa nyuma, ukiacha upenyo wa kama milimita mbili kati ya karatasi na karatasi, la sivyo hazitakunjika. Tumia ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Seloteipu ya kawaida kwa joto letu gundi yake inayeyuka ikakushikanishia ukurasa wa pili na wa nne. Wenye macho mazuri hupunguza kopi hadi asilimia 71, hapo A4 mbili zinaingia katika karatasi moja. Mimi macho yangu yameshakataa mchezo huo.

Handel alifariki 1759, kwa hiyo muziki wenyewe hauna mwenyewe leo. Matoleo mapya ya wachapaji huweza kuwa na haki zao, basi nunueni nakala, kisha ile kopi ya kukatakata na kubandika iwe ya kazi yako wewe.

Nje ya kanisa ni habari nyingine. Miaka iliyopita nilipigia harusi katika hoteli moja ya ufukweni, mwezi wa Julai, kusi limekaza. Niliahidiwa kibanda chenye kizuizi cha upepo. Nilichokikuta ni meza ya plastiki na mwavuli. Bibi harusi alipotokeza mlangoni tu, upepo ukachukua kurasa tatu za kwanza, mbili zikaingia kwenye bwawa la kuogelea. Nilibaki na ukurasa wa mwisho peke yake. Niliupiga tena na tena mpaka bibi harusi akafika mbele, na mama yake baadaye akanisifu kwamba wimbo ulikuwa mzuri na haukuchosha. Tangu siku hiyo, nje sigeuzi karatasi. Ama nabandika zote kwenye ubao na vibanio vya nguo juu na chini, ama napiga kwa kichwa. Wapiga udi ninaowajua Lamu walinicheka sana niliposimulia. Wao muziki wote wanautembeza kichwani, upepo utauchukua wapi?

Kama una mtu wa kukugeuzia, umebarikiwa, lakini mfundishe. Akae kushoto kwako, nyuma kidogo. Asimame kabla ya wakati, ashike kona ya juu ya karatasi ya kulia kwa mkono wake wa kushoto, angoje utikise kichwa, ageuze mara moja na akae. Mkono usipite mbele ya macho yako. Bangili zivuliwe, na ncha ya leso ifungwe vizuri. Nimewahi kuona leso ikipiga nota tatu peke yake. Si lazima ajue nota za mistari. Kijana yeyote wa kwaya anayejua maneno anaweza kazi hii: piga mstari chini ya neno ambalo likiimbwa anageuza. Kwa kweli wanaofuata maneno hukosea kidogo kuliko wanaojifanya wanasoma nota.

Tableti, kama nilivyoahidi. Kikanyagio chake kinazungumza nayo kwa Bluetooth na kazi yake ni ndogo tu: kinaiambia programu ya nota kwamba mtu amebonyeza kitufe cha mbele au cha nyuma, kama kwenye kibodi ya kompyuta. Kwa mwenye nyimbo nyingi ni neema. Unaweza kuweka ukurasa uliorudiwa mahali wimbo unapokurudisha mwanzo, kitu ambacho kwa karatasi inabidi uongeze kopi nyingine nyuma. Programu nyingine zinageuza nusu nusu, juu unaona ukurasa ujao huku chini bado wa zamani upo. Lakini kioo cha inchi kumi kwa sauti nne pamoja na mistari ya kinanda ni kidogo mno. Unahitaji kile cha karibu inchi kumi na tatu, ambacho hata hivyo hakijafika A4, na bei yake unaijua. Kikanyagio kikae mguu wa kushoto, maana wa kulia una kazi yake ya kuendeleza sauti. Ukikikanyaga kwa woga kitaruka kurasa mbili, yale yale ya karatasi. Juani usiitumie: Apple wenyewe wanasema iPad zao ni za joto la hewa lisilozidi nyuzi 35, na kioo kikiachwa kwenye jua la Machi hapa kitapunguza mwanga au kujizima kabla hujafika kwenye kiitikio. Simu na jumbe zizimwe, chaji iwe imejaa tangu jana kwa kuwa stima haina miadi na mtu, na nakala ya karatasi iwe chini ya kiti. Ukiwa na nyimbo thelathini za kubeba kila wiki, nunua. Kwa Aleluya moja, bado.

Nirudi ukurasa wako wa saba. Kuna dawa rahisi sijaitaja. Toa kopi za upande mmoja za kitabu kizima, uzitie kwenye faili lenye mifuko ya plastiki isiyong'aa, ukianza na ukurasa wa kwanza upande wa kushoto badala ya kulia. Kila kitu kitasogea hatua moja. Wa kwanza na wa pili vitatazamana, na wa saba utatazamana na wa nane. Pale palipokushinda hapatageuzwa tena. Utageuza mara tano, kutoka wa pili, wa nne, wa sita, wa nane na wa kumi. Sasa chukua penseli upya, kwa maana alama zote za mwanzo zimehama. Uangalie hasa wa nane kwenda wa tisa: kipande cha “Mfalme wa wafalme” ni kirefu na huenda bado wanapanda unapofika hapo. Ikiwa hivyo, mkono wa kulia juu, waachie wanawake nota yao.